Pumzi Tatu za Punda

Kliniki yetu ni ya punda. Imeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani, na pembeni amechorwa punda mwenyewe, ili hata asiyejua kusoma asije akatuletea kuku. Mimi Famau nimefanya kazi hapo, papa hapa kisiwani Amu, miaka ishirini na miwili: kuwashika punda walioumia, kuwalaza kwa dawa, kuwapa pumzi daktari anapowapasua. Madaktari huja na kuondoka, mimi nipo. Basi asubuhi ile nilipoingia uani nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi letu na mbwa kando yake, nilisema neno nililokuwa na haki ya kulisema.

"Bi, umepotea ndia. Hapa hatutibu mbwa."

"Sikupotea. Nimevuka mai kuya hapa," akanijibu bila hata kunyanyua kichwa. "Na wewe kama si daktari, niitie daktari."

Loo! Nikajua huyu ni mtu wa Pate, huko kubembeleza hawakujui. Jina lake Bi Lubna, mzaliwa wa Kizingitini kisiwani humo, lakini miaka kumi na mitano alikuwa akilima simsim bara, nyuma ya mji wa Hindi. Alikuwa ametoka shambani alfajiri. Pale gatini Mokowe maboti matatu yalikataa kumpakia mbwa. La nne lilikubali kwa sharti kwamba wakifika Amu aoshe boti mwenyewe, mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Nahodha alidhani kwa sharti hilo atamkimbiza. Kumbe bibi alikuja na ndoo yake na mfuko wa udongo safi wa shambani. Akaosha boti mbele ya watu wote wa forodhani, akamwuliza nahodha kama ameridhika, ndipo akaja kwetu.

"Mbwa wa shamba ana ruhusa," akaniambia. "Usinitolee macho."

"Sijasema kitu, Bi."

"Uso wako umesema."

Wallahi sikuwa na neno na mbwa wake. Mimi mwenyewe nimewashika mbwa wakati wa chanjo ya kichaa, na kando ya bomba letu kuna ndoo ya udongo kwa kazi hiyo hiyo. Najisi huoshwa, ikaisha. Kilichoniudhi ni kuamrishwa kwenye ua wangu, saa mbili asubuhi, kabla sijanywa hata kikombe cha kahawa.

Mbwa aliitwa Shughuli. Dume la rangi ya mchanga, masikio makubwa, mbavu zote waweza kuzihesabu. Alikuwa ameketi wima, miguu ya mbele ameipanua, shingo ameinyosha, na kila pumzi aliivuta kwa tumbo zima. Hakubweka, hakuninusa. Alikuwa na kazi moja tu, kupumua, na ilikuwa ikimshinda.

"Yeo siku ya kumi hajalala," Bi Lubna akasema. "Nguruwe mwitu alimkumba, akamtupa kwenye kisiki. Jeraha sikuona. Lakini kila akitaka kulala huinuka mbio, kama mtu aliyekabwa."

Daktari Valary akatoka ofisini. Msichana wa Busia, thelathini hajafika, mwaka wake wa pili kwetu. Nisiseme uongo: mimi naye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Alikuwa na desturi ya kunieleza mambo niliyokuwa nikiyafanya yeye akiwa bado ananyonya, tena kwa upole, na ule upole ndio ulikuwa ukinichoma. Akapiga magoti sakafuni mbele ya yule mbwa, akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani, akasikiliza muda mrefu. Kisha akanipa mimi.

"Mzee Famau, hebu sikiliza hapa kushoto."

Nikasikiliza. Mahali pa pafu hapakuwa na pumzi. Palikuwa na mngurumo, maji na hewa vikipita, tumbo la mtu mwenye njaa. Nikamtazama Daktari naye akatikisa kichwa kukubali. Utumbo wa mbwa yule ulikuwa kifuani.

Akamweleza Bi Lubna kwa Kiswahili chake cha shule. Kwamba kati ya kifua na tumbo pana kiwambo, ngozi ngumu inayotenga huku na huku. Kile kisiki kilikipasua. Matumbo na kipande cha ini vimepanda juu, vimelikalia pafu la kushoto siku zote kumi, ndiyo maana akilala anakosa hewa. Dawa ya kumeza haipo. Ni kupasua, kuvishusha, kushona.

"Atapona?"

"Mama, sitakudanganya. Nusu kwa nusu."

"Na asipopasuliwa?"

"Wiki hii haiishi."

Bi Lubna akampapasa mbwa nyuma ya sikio. Kisha akatwambia, na alitwambia wala hatukumwuliza. Mumewe, Jamaludin, aliuawa na nyati miaka minne nyuma, alfajiri, akishuka kutoka kwenye dungu la kulindia shamba. Siku zile hawakuwa na mbwa wa kuwaambia kuna kitu kwenye majani. Yeye mwenyewe sikio moja ni kiziwi tangu utotoni, na akilalia lile zima hata mzinga hausikii. Wanawe walimtaka arudi Kizingitini akae kitako barazani kwa mkaza mwana, ale, ashibe, angoje kufa. Akakataa, akatafuta mbwa. Tangu hapo Shughuli ndiye sikio lake, na shamba likabaki.

"Simsim ina wiki tatu ivunwe," akasema. "Wanangu wangojea sababu tu. Mbwa huyu akifa, sina shamba. Mpasueni."

Mwenzangu Amini, aliyesomea kazi ya usingizi wa wanyama, alikuwa amekwenda Matondoni kuchanja punda, hatarudi mpaka jioni. Daktari akanitazama mimi. Nilijua ataniomba, na niliona raha kidogo kuombwa.

Tulipokuwa tukipanga vyombo akaanza mafundisho yake.

"Nikishafungua tumbo, hewa itaingia kifuani kupitia ule mpasuko. Kuanzia hapo hawezi kuvuta hata pumzi moja mwenyewe. Mkono wako ndio kifua chake."

"Kazi yangu naijua, Daktari."

"Unaijua ya punda." Akaniwekea mkononi ule mfuko wa mpira wa kusukumia pumzi, mdogo, saizi ya papai. "Punda ana kilo mia na hamsini. Huyu ana kumi na nne. Ukimjaza sana, kifua kinabana mishipa inayorudisha damu, moyo unabaki unapiga ukiwa mtupu. Pumzi ndogo. Bonyeza kwa vidole, si kwa kiganja. Acha ishuke yote kabla ya nyingine."

"Haya."

"Na jambo la pili, hili ndilo kubwa. Lile pafu lililokaliwa siku kumi, usiliamshe. Utaliona limesinyaa, jeusi, utalihurumia. Liache. Litafunguka lenyewe kwa siku mbili tatu. Ukililazimisha leo, mishipa yake midogo itavuja, na atazama kwa maji yake mwenyewe hapa nchi kavu. Namba ikishuka hata themanini, usiongeze mkono. Niite mimi."

"Nimesikia, mwalimu," nikasema, na neno mwalimu nilisema nilivyolisema.

Saa tatu na robo Shughuli alikuwa juu ya meza, amelala kwa dawa, mrija kooni, kichwa kimeinuliwa ili matumbo yaelekee chini. Kwenye ulimi tulimbana kile kidude kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu na kuandika namba. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umeunganishwa na mfuko wangu. Bi Lubna alikataa kukaa uani. Alisimama nje ya dirisha la wavu, vidole ameviingiza kwenye matundu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Daktari akapasua. Nikasikia hewa ikiingia, sauti ndogo tu ya kufyonza, na papo hapo kifua cha mbwa kikatulia. Kikawa changu.

Nikabonyeza. Nikaacha. Nikabonyeza. Kazi ya pumzi ina raha yake, mtu huingia ndani ya kipimo na kipimo hukubeba. Daktari alikuwa ameingiza mkono mpaka kifundo, akitoa utumbo pole pole kutoka juu, pingili kwa pingili, akiuweka juu ya kitambaa chenye maji ya chumvi. Namba ilikuwa tisini na nane. Nikasema moyoni, ndiyo hii kazi tuliyokuwa tunatishwa nayo?

"Famau," Daktari akasema.

"Naam."

"Mshipa wa paja sipati."

Nikatazama namba. Tisini na nane. "Yuko sawa, Daktari. Tisini na nane."

"Damu haitoki nikikata. Mshipa unapotea. Famau, mkono wako! Unampa pumzi za punda!"

"Namba ni nzuri!"

"Namba ya nini na moyo mtupu? Mkono! Legeza mkono!"

Nikautazama mkono wangu. Kiganja kizima kimefumba ule mfuko, vidole vimekutana upande wa pili. Sikuuamrisha. Miaka ishirini na miwili umejua kipimo kimoja, na nilipoingia kwenye raha ya kazi ukakirudia wenyewe. Nikaachia. Nikabonyeza kwa vidole vitatu, kidogo, nikaacha, kidogo, nikaacha. Daktari alikuwa ameshika paja la mbwa, macho ameyafumba, anahesabu. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye kope na siwezi kujifuta.

"Unarudi," akasema. "Umerudi. Endelea hivyo hivyo."

Nje ya dirisha Bi Lubna akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Huyo mzee, kwani ayua afanyalo?"

Daktari hakumjibu. Na kutojibu kwake kulinichoma kuliko swali lenyewe. Masikio yaliniwaka moto. Mimi! Mimi niliyewaamsha punda waliokwisha kukatiwa tamaa na wenyewe wakiwa wanalia! Leo nauliziwa dirishani kama najua nifanyalo, na msichana wa juzi ananyamaza. Nilibonyeza kwa vidole vitatu, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kununa.

Akalishusha ini. Akaanza kushona kiwambo, sindano ikizama na kutoka, naye akiniambia, "simama," napumzika anapitisha uzi, "haya," nabonyeza. Tukaenda hivyo nusu saa na zaidi. Nisimnyime haki yake, alikuwa na mkono mzuri. Ikabaki tundu la kuingia vidole viwili, na kupitia tundu lile nililiona pafu la kushoto. Jeusi, limejikunja huko nyuma karibu na uti wa mgongo, dogo kuliko ngumi ya mtoto. La kulia lilikuwa likipanda na kushuka, lina rangi ya waridi, na lile la kushoto halitikisiki.

"Nachukua mrija wa kutolea hewa kifuani," Daktari akasema. "Uko kwenye sinia lile kule. Pumzi ndogo."

Akageuka. Hatua tatu mpaka ukutani. Namba ikashuka: tisini na moja, themanini na nane, themanini na nne.

Nilitakiwa nimwite. Neno lenyewe ni moja, Daktari, na alikuwa karibu nami kuliko mlango. Sikumwita. Nilitaka ageuke akute namba imepanda. Nilitaka yule mama dirishani aone kwamba mzee ajua afanyalo. Na nilitaka, Mungu anisamehe, kuliona lile pafu likifunguka, kwa sababu nimeliona kwa punda na hakuna kitu kinachonifurahisha zaidi katika kazi hii. Nikafumba kiganja kizima. Moja, nikashikilia. Mbili. Tatu.

Pafu likafunguka. Lilianza ukingoni, kitone cha waridi ndani ya weusi, kikasambaa, kikakimbia mpaka juu, na pafu zima likainuka likajaa. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi mpaka nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Daktari akarudi na mrija. Akatazama namba, tisini na saba. Akatazama ndani ya tundu, akakunja uso juu ya barakoa.

"Umeongeza pumzi?"

"La."

"Pafu limefunguka."

"Limefunguka lenyewe," nikasema.

Alinitazama. Angeweza kuuliza tena, na kama angeuliza tena labda ningesema. Lakini alikuwa na tundu la kufunga na mbwa mwenye dawa ya usingizi inayoelekea kwisha, akaniamini. Akaweka mrija, akafunga fundo la mwisho, akaanza kuvuta hewa ya kifuani kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, kwa subira. Ufizi wa mbwa ulikuwa mweupe. Akasema damu yake iko chini, ahitaji maji, akafungua dripu ikaanza kukimbia. Mimi niliyaona yale maji yakiteremka kwenye mrija matone kwa matone. Nikajua pafu lililolazimishwa na maji mengi havipatani. Nikanyamaza.

Saa tano na nusu Shughuli akavuta pumzi yake mwenyewe. Tukamtoa mrija wa kooni, tukamlaza kwenye mkeka uani, kivulini, Daktari akamruhusu Bi Lubna aje. Mbwa akanyanyua kichwa, akamjua, mkia ukapiga mkeka mara mbili. Kisha akajinyosha ubavu, akalala.

"Amelala," Bi Lubna akasema. "Tazama, amelala ubavu. Siku kumi! Mwanangu Daktari, Mungu akupe kila ulitakalo. Na wewe mzee, nilikukosea adabu pale dirishani. Nisamehe."

"Hapana neno, Bi," nikasema.

Alikuwa akilia waziwazi na hakujali nani anamwona. Akaanza kutwambia atakavyomrudisha, kwamba yule nahodha sasa atampakia tu apende asipende, kwamba kwa mavuno haya atawanyamazisha wanawe mwaka mzima. Daktari alikuwa akicheka. Mimi niliketi kwenye ngazi nikitazama mbavu za mbwa, na kila zilipopanda nilisema moyoni, ishallah hakuna kitu, ishallah nimetishika bure.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Sikwenda msikitini, mikono yangu ilikuwa bado haijaoshwa, wala sikutaka kuondoka pale. Punde tu baada ya watu kutoka swalani nikaona mbavu zinakwenda mbio. Kisha mbwa akainuka. Akaketi wima, miguu ya mbele akaipanua, shingo akainyosha.

"Daktari!" Safari hii nilimwita.

Povu lilikuwa limeanza puani. Povu la waridi, laini, likizidi. Daktari aliifunga dripu kwa mkono mmoja na kuweka chombo kifuani kwa mkono wa pili, na uso wake ukabadilika. Akamchoma sindano ya kutoa maji mwilini. Akaleta oksijeni, nikaishika puani mwake, nikimfuta povu kwa shati langu. Akavuta kwa bomba la sindano kwenye mrija wa kifuani, hewa haimo, damu haimo. Maji yalikuwa ndani ya pafu lenyewe, mahali ambapo hakuna sindano inayofika.

"Shughuli," Bi Lubna alikuwa akimwita. "Shughuli, baba. Shughuli."

Alipambana robo saa. Hakulia hata mara moja, alikuwa akitutazama mmoja mmoja akingoja tufanye kitu. Kisha miguu ya mbele ikateleza, akaangukia mapajani mwa Bi Lubna, povu likatulia.

Bi Lubna akamfunga macho kwa kiganja. Mwenye kusema wa kwanza nikawa mimi, na nilisema lile tunalolisema sote, tulilofundishwa tangu utoto kulisema mahali pa kifo ili mtu asiulize zaidi.

"Kadari ya Mungu, Bi."

"Kadari ya Mungu," akaitikia, kwa mazoea.

Nikaenda bombani. Nikachota udongo kwenye ndoo, nikaosha mikono mara ya kwanza, nikasuuza, nikaanza ya pili. Nyuma yangu Daktari alikuwa amechuchumaa mbele ya Bi Lubna.

"Mama, ni kosa langu," alikuwa akisema, na alikuwa akilia kama msichana alivyo. "Lile pafu lilikaa chini siku nyingi. Nilipaswa kuliona mapema. Nilipaswa kukwambia hapa hatuna vyombo, nikutafutie njia ya kwenda Mombasa. Nilijiamini kupita kiasi. Ni kosa langu, sikufaa kumpasua."

"Usijitese, mwanangu."

"Sitapasua mwingine hapa. Nitaandika hivyo."

Mara ya tatu. Mara ya nne. Naapa nilitaka kumaliza saba nikachukue koti langu niende zangu nyumbani. Hakuna aliyejua ila mimi. Kesho angeandika karatasi yake, keshokutwa angeomba uhamisho, angekuja mwingine, na mimi ningekuwepo kama kawaida. Lakini kile kilio chake kilinishinda. Nimewachukia madaktari wengi, sijawahi kumwona mmoja akiubeba mzigo wangu na kuniachia mikono mitupu. Nikafunga bomba.

"Daktari. Nilimwongezea pumzi."

Akageuza uso.

"Ulipokwenda kuchukua mrija. Namba ilishuka. Sikukuita. Nilimpa pumzi tatu za punda, nikalifungua lile pafu kwa makusudi. Ukaniuliza nikakana. Nikakuona unafungua maji, nikanyamaza."

Nilidhani atapiga kelele. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Ungeniambia tu," akasema taratibu, "ningefunga yale maji. Ningempa ile sindano saa tano, si saa saba. Pengine angekuwa anakula sasa hivi."

Akaingia ndani. Tukabaki watatu uani, mimi na Bi Lubna na mbwa wake.

"Umesema nini?" Bi Lubna akauliza. "Rudia. Kuya upande huu."

Nikazunguka upande wa sikio zima, nikachuchumaa, nikarudia. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilikuwa namwambia mwenyewe, tena kwa sauti ya juu, huku yeye akinitazama mdomo ili asikose neno. Nikamwambia pumzi tatu. Nikamwambia sababu pia, kwamba nilitaka yeye aone najua nifanyalo. Nikamwambia uongo wangu. Nikamwambia, "Nilikuulia mbwa wako, Bi Lubna, kwa kiburi tu, na sina la kujitetea."

Alikuwa akilitoa povu lililokauka kwenye pua ya mbwa, kwa ncha ya mtandio wake.

"Jamaludin alipokufa," akasema, "nti nzima ilikuya kunambia kadari. Kadari naiyua, mimi pia nimesoma. Lakini kulikuwa na mtu wa zamu shamba la pili, alimwona yule nyati, akalala. Siyui ni nani mpaka yeo. Miaka minne wananambia kadari, hapana hata mmoya aliyekuya na jina."

"Mungu amrehemu."

"Amin." Akainuka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. "Simsim ina wiki tatu."

"Najua, Bi."

"Nguruwe huingia saa nane. Nyati karibu na alfajiri, upande wa kisimani. Mimi nalinda upande wa nyumba, huku kisimani kuna dungu la marehemu, ngazi yake nzima."

Nilianza kuelewa anakokwenda. "Bi Lubna, mimi nina kazi hapa. Nina punda watatu wamelazwa."

"Na mimi nilikuwa na mbwa."

Nikatazama mlango wa ofisi. Daktari Valary alikuwa amesimama pale, amesikia yote, na hakunitetea kwa neno moja. Wala sikustahili.

Bi Lubna akaanza kumviringisha Shughuli ndani ya mkeka, akitia ncha moja chini ya nyingine kwa uangalifu. Alipomaliza akanyosha mgongo na kunikabidhi kamba ya kuufungia.

"Mbebe. Boti yaondoka saa kumi," akasema. "Na usingizi wako uwe mwepesi, mzee. Wakiingia, atakayebweka ni wewe."